Wazazi wa Gusii na Somo la Visiwa vya Mfangano

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Agosti na Desemba, mabasi yatokayo Kisii na Nyamira kuelekea Mombasa hujaa pomoni. Mzazi aliyejaliwa akiba kidogo huona kwamba amewafaa wanawe iwapo atawaonyesha Bahari ya Hindi, Ngome ya Yesu na feri ya Likoni. Sina ugomvi na safari hizo. Mwanafunzi anayesoma Kiswahili ana haki ya kuiona bahari iliyokilea. Hata hivyo, ninashangaa kwamba miongoni mwa watu wetu wanaoijua Mombasa ni wachache mno waliowahi kutia mguu katika mashua iendayo Rusinga, Takawiri au Mfangano. Visiwa hivyo vimo katika kaunti jirani ya Homa Bay, na mtu akiondoka Kisii alfajiri kwa njia ya Rongo, aghalabu atafika Mbita kabla jua halijawa la utosi.

Mwaka jana mimi na mke wangu tuliamua kuwapeleka wanetu watatu huko. Tulichukua hema, sufuria mbili, unga wa wimbi, ndizi za kutosha na dawa ya mbu. Tulikaa siku nne. Nia ya makala haya si kusimulia tulivyostarehe, ingawa tulistarehe. Ninaandika kwa sababu visiwa hivyo vina somo kuhusu lugha ambalo mzazi na mwalimu wa Gusii analihitaji leo kuliko anavyouhitaji mchanga mweupe wa Diani.

Kwanza nieleze kidogo kuhusu maji yenyewe, maana mtoto wa milimani huingia ziwani akiwa na elimu ya vitabuni tu. Mji wa Kisii uko juu, yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko chini yetu, mita 1,134 hivi. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu iliyo ya Kenya haizidi asilimia 6. Katika sehemu hiyo ndogo ndimo vilimo visiwa ninavyovitaja. Rusinga iliunganishwa na nchi kavu pale Mbita kwa tuta, na baadaye kwa daraja, kwa hiyo mtu anaweza kufika huko kwa gari na kuona kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Ni Rusinga pia ambako Mary Leakey alivumbua fuvu maarufu la nyani wa kale aitwaye Proconsul mwaka 1948. Lakini Takawiri na Mfangano havifikiki ila kwa chombo cha majini.

Nahodha wetu, kijana mchangamfu ambaye hakuwa na maneno mengi, alitutaka tuondoke mapema. Usiku na alfajiri upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ifikapo alasiri hugeuka ukavuma kutoka ziwani kwenda bara. Kabla ya injini kuenea, wavuvi wa tanga walitegemea mgeuko huo kwa kila kitu: walitoka na upepo wa usiku, wakarudi na upepo wa mchana. Mgeni anayetaka kuvuka alasiri hulipa kwa kulowa na kutapika. Alihakikisha pia kwamba kila mmoja wetu amevaa koti la kujiokolea, na wala hakuwasha injini hadi mtoto wetu wa mwisho alipofungwa lake barabara. Mzazi yeyote atakayekwenda asikubali kuingia katika chombo kisicho na makoti hayo, hata akiambiwa kwamba safari ni fupi. Aidha, asiwaache watoto waoge katika maji yaliyotuama karibu na matete, kwa kuwa kichocho kingalipo.

Tulipiga hema Takawiri usiku wa kwanza, baada ya kuomba ruhusa kwa wenyeji. Kisiwa hicho kina ufuo wa mchanga na miti ya jamii ya minazi ambayo humfanya mtu adhani amepotea njia akafika Lamu. Jioni, mwanangu wa pili, aliye kidato cha kwanza, alichomeka kijiti mchangani palipoishia mawimbi. Nilipomuuliza sababu, aliniambia kwamba anataka kuona maji yakijaa na kupwa. Alikuwa amefundishwa methali isemayo kwamba maji yakijaa hupwa, na akaiandikia insha iliyopata alama nzuri. Asubuhi kijiti kilikuwa pale pale na maji pale pale.

Nilimweleza kwamba kujaa na kupwa husababishwa na mvuto wa mwezi na jua juu ya bahari kuu, na kwamba ziwa, hata likiwa kubwa namna gani, halina maji mengi kiasi cha kuonyesha badiliko hilo kwa macho. Aliridhika, lakini mimi nilibaki nikiwaza. Kwa muda mrefu tumewafundisha watoto wa Kitutu, Bobasi na Mugirango Magharibi Kiswahili chenye bamvua, demani, foromali na kusi, wakakariri yote hayo kwa ajili ya mtihani, wakafaulu, na wasiwe na picha yoyote akilini. Wala hatukuwaambia kwamba lugha yao ya nyumbani ina maji yake.

Naam, Ekegusii ina maji yake. Sisi tunaojiita watu wa milima na chai tuna neno *enyancha* kwa ziwa, na *obwato* kwa chombo cha kusafiria majini. Hatukuyaazima maneno hayo jana. Kwa mujibu wa masimulizi ya wazee wetu, ambayo mwanahistoria William Ochieng' aliyachunguza katika kitabu chake kuhusu historia ya Abagusii kilichotoka mwaka 1974, mababu walikaa kandokando ya ziwa, wakapita Kano, kabla ya kupanda nyanda za juu walizozikalia hadi leo. Walipanda na maneno yao. Ziwa likabaki nyuma, neno likabaki mdomoni.

Hebu mwalimu wa Kiswahili alitazame neno hilo *enyancha* kwa makini. Kamusi ya Kiswahili inalo neno nyanza, lenye maana ya ziwa kubwa, na mkoa wetu wa zamani ulipewa jina hilo hilo. Kusini zaidi, Malawi, wanasema nyanja. Sasa tuweke pamoja maneno mengine. Mswahili akisema njaa, Omogusii husema *enchara*. Mswahili akisema njia, Omogusii husema *enchera*. Mahali ambapo wengine wana *nj*, sisi tuna *nch*, na jambo hili hutokea kwa utaratibu wala si kwa bahati nasibu. Mtoto wa darasa la sita akionyeshwa mifano mitatu kama hii ataanza kutafuta mingine mwenyewe, na hapo atakuwa ameingia katika isimu bila kujua jina lake.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Samaki kwa Ekegusii ni *enswe*. Kiswahili Sanifu kina neno samaki, ambalo asili yake ni Kiarabu. Lakini Kiswahili cha kale kilikuwa na nswi, neno la Kibantu ambalo leo hukutwa katika kamusi kubwa na katika tungo za zamani za pwani. Yaani mwanafunzi wa Nyamira, ambaye huenda hajawahi kuvua hata kambale, amebeba kinywani neno ambalo pwani ya Kiswahili imekaribia kulisahau! Ni mwalimu gani aliyewahi kumwambia hivyo? Wengi tuliambiwa kwamba lugha ya nyumbani huharibu Kiswahili.

Siku ya pili tulivuka hadi Mfangano, tukashukia Sena. Hapo ndipo binti yangu mdogo, mwenye umri wa miaka tisa, aliponiuliza swali lililonifanya niandike makala haya. Nilikuwa nimewasimulia njiani kwamba wenyeji wa visiwa hivi ni Abasuba, jamii ya Kibantu, na kwamba lugha yao, Olusuba, wanaisimu huiweka katika kundi moja na Ekegusii na Igikuria. Alikuwa amejiandaa kuwasalimu kwa Ekegusii ili aone kama watamwelewa. Alitega sikio gatini, sokoni, na mbele ya duka la vinywaji. Kisha akaja akanishika mkono.

“Baba, mbona wote wanazungumza Kijaluo?”

Swali hilo lina jibu refu, na sehemu kubwa ya jibu hilo wataalamu wameshaliandika. Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walichapisha utafiti kuhusu hali ya Abasuba mwaka 1992, katika kitabu kilichohusu vifo vya lugha, hasa Afrika Mashariki. Baadhi ya mababu wa Abasuba walitoka upande wa Uganda kwa mitumbwi, wengine walitoka kusini, wakakaa visiwani na katika nchi kavu iliyo mkabala. Walizungukwa na Waluo, waliokuwa wengi zaidi. Wanaume wa Kisuba walioa wanawake wa Kijaluo, na watoto wakajifunza kusema kwa mama zao. Serikali ya kikoloni iliwatawala pamoja na Waluo. Wamisionari walipoleta shule na kanisa, vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vya Dholuo, kwa hiyo mtoto alisoma, akasali na akabatizwa kwa lugha hiyo. Soko la samaki nalo lilikuwa la Dholuo.

Ninaomba msomaji azingatie jambo moja katika historia hiyo. Hakuna mahali ambapo Olusuba ilipigwa marufuku. Hakuna vita vilivyopiganwa ili iachwe. Waluo hawakuwakosea majirani zao kwa kuwaoza binti na kuwauzia nyavu, na nisingependa mtu aichukue makala hii kuwa ya kuchochea kabila moja dhidi ya jingine. Lugha iliachwa nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ilikuwa na sababu nzuri.

Mzee mmoja wa Sena, aliyepita miaka sabini, alitueleza jambo hilo kwa ufupi kuliko kitabu chochote. Alikuwa ameketi chini ya mti akitengeneza wavu, nasi tukaomba kuketi naye. Nilipomweleza kazi yangu, alianza kuniita mwalimu.

“Baba yangu alisema Olusuba na wazee wenzake,” alituambia kwa Kiswahili safi. “Mama alikuwa Mjaluo. Sisi watoto, mwalimu, tulifuata maziwa.”

Nilimuuliza kama baba yake aliwahi kumsemesha kwa lugha hiyo. Alifikiri kidogo, akasema kwamba alimsemesha alipokuwa amekasirika. Binti yangu akamwomba ahesabu. Mzee alihesabu polepole, akisita na kurudi nyuma, na kila nambari iliyofanana na ya kwetu mtoto aliidaka kwa kelele. Walicheka wote wawili. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba yeye hakuweza kucheka, kwa sababu aliona jinsi mzee alivyokuwa akihesabu kama mtu anayetafuta funguo gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kisiwa hicho kina ushuhuda mwingine, wa kale zaidi. Mfangano kuna miamba yenye michoro, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya Kwitone na Mawanga. Mtu hupanda mlima kwa muda mrefu akiongozwa na mwenyeji, kisha hukuta chini ya mwamba duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu huihusisha michoro hiyo na jamii za wawindaji na waokota matunda zilizokaa huko kabla ya Wabantu na Waluo kufika. Jamii ya Abasuba imeanzisha makumbusho yake ili kuihifadhi pamoja na vitu vingine vya urithi, na wanastahili pongezi. Nilisimama mbele ya duara zile nikajiuliza jambo ambalo pengine mchoraji au mwanahistoria asingejiuliza kwanza: waliziitaje? Hakuna aliye hai awezaye kujibu. Mkono wa mchoraji tunauona, rangi yake tunaiona, ila hatuna hata silabi moja ya kinywa chake. Wanangu walipiga picha nyingi. Mkubwa alisema kwamba duara hizo zinafanana na mawimbi ya jiwe lililotupwa majini, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Sasa turudi kwetu milimani, kwa maana najua msomaji wa Keroka au Ogembo ameanza kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Katika sensa ya mwaka 2019, Abagusii walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 2.7. Abasuba walikuwa laki moja na nusu hivi, na hao ni wale waliojitambulisha kwa jina hilo, wala si wote wanaosema Olusuba. Mtu hutazama tarakimu hizo akatulia. Lugha ya watu milioni mbili na ushei itakufaje? Tuna redio kama Egesa FM, tuna Biblia, tuna nyimbo za harusi na za matanga.

Jibu langu ni kwamba idadi ya kabila haisemi lolote kuhusu lugha inayozungumzwa mezani. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi mjini Kisii anajua ninachokisema. Watoto wanaofika darasa la kwanza katika shule za kulipia huja na Kiswahili cha mitaani na Kiingereza cha katuni, na wanapokwenda kwa nyanya Nyamache au Rigoma kwa likizo, mama lazima awe mkalimani kati ya mwanawe na mamake mzazi. Hata vijana wanaosema Ekegusii vizuri hutaja nambari za simu, tarehe na bei kwa Kiingereza. Nyanya haambiwi hadithi na wala haombwi kuzisimulia. Huulizwa kama kuna chaji ya simu. Redio iko, ni kweli, lakini msikilizaji wake ni nani? Ni nyanya yule yule.

Tofauti na Abasuba, sisi hatuna hata kisingizio cha kuwa wachache miongoni mwa wengi. Katika Kisii na Nyamira ukitoka alfajiri hadi jioni utapishana na watu wanaokuelewa. Tunaiacha lugha tukiwa nyumbani kwetu, milango ikiwa imefungwa, na hakuna aliyebisha hodi.

Shule imechangia. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba katika maeneo yanayosema lugha moja, watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha hiyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi. Mtaala wa umilisi nao umetenga nafasi ya lugha za kiasili katika gredi za mwanzo. Kwenye karatasi hatujakosa kitu. Lakini nimekaa katika madarasa ambamo kipindi hicho hugeuzwa kuwa cha hisabati bila mtu kuona haya, na kizazi changu kinakikumbuka kile kipande cha mbao kilichoning'inizwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akisema lugha ya mamake. Mbao zimepungua. Aibu waliyoileta bado ipo, na sasa wazazi ndio wanaoigawa.

Najua nitakavyojibiwa. Nimekwisha kujibiwa mara nyingi, na jirani zangu ambao hushangaa kwamba mtu mwenye shahada ya uzamifu anawasemesha watoto wake Ekegusii wakati wa chakula. Husema kwamba lugha hiyo haimpeleki mtu Nairobi, sikwambii London. Husema kwamba mtoto akichanganyiwa lugha ataharibikiwa na zote. Husema, na hili ndilo hunichoma zaidi kwa kuwa huja kutoka kwa walimu wenzangu, kwamba Kiswahili ndicho kitakachotuunganisha, kwa hiyo anayetetea lugha ya kabila anaturudisha nyuma.

Hoja ya kwanza ina ukweli, na sitaipuuza. Mzazi maskini anayemtakia mwanawe kazi hana kosa. Lakini mtoto hana chumba kimoja tu kichwani. Mzee wa Sena anasema Dholuo, Kiswahili na Kiingereza kidogo cha kuuzia samaki, na Olusuba isingezizuia hizo tatu zisiingie. Watoto wa Afrika Mashariki wamekulia katika lugha tatu au nne kwa vizazi vingi. Ugonjwa unaosemwa kwamba wataupata sijauona bado.

Ama hoja ya Kiswahili, nitaijibu kama mtu anayekula mkate wake kwa Kiswahili. Mtoto anayejua Ekegusii huja darasani tayari anazijua ngeli. Anasema *omonto* na *abanto*, kwa hiyo mtu na watu si jambo geni. Anasema *omote* na *emete*, na hapo ana mti na miti. Anasema *ekerogo* na *ebirogo*, nawe mwalimu una kiti na viti bila jasho. Upatanisho wa kisarufi, ambao humtoa kamasi mgeni wa Ulaya, yeye ananyonya nao. Hata makosa yake yana maelezo. Anaandika “kurara” badala ya kulala kwa sababu Ekegusii haina sauti *l*. Mwalimu akimcheka, mtoto atanyamaza. Akimweleza kwamba lugha yake ilichagua sauti moja pale ambapo Kiswahili kina mbili, mtoto atajirekebisha akiwa ameinua kichwa. Na akitaka kumfurahisha zaidi, amuulize kwa nini sisi husema *Ekegusii* kwa *k* lakini tukakiita Kiswahili *Egeswahili* kwa *g*. Wanaisimu huiita kanuni ya Dahl: kiambishi hubadili *k* kuwa *g* kikifuatwa na silabi inayoanza kwa konsonanti sighuna kama *s*, *t* au *k*. Mtoto wa miaka minne huitekeleza kanuni hiyo bila kukosea. Profesa wa Ujerumani hutumia muhula mzima kuifundisha.

Ukimnyang'anya mtoto huyu Ekegusii, hujampa Kiswahili zaidi. Umempa Kiswahili kisicho na ndugu, kinachokaririwa kama majina ya mito ya Ulaya.

Haitoshi kulalamika magazetini. Abasuba wenyewe hawakukaa wakilalamika. Kuanzia miaka ya 1990 pamekuwa na juhudi za kuiandika Olusuba na kuipeleka shuleni, na vijana wa Mfangano walianzisha redio, Ekialo Kiona, wakiwa na nia ya kuitangaza lugha hiyo hewani. Ni kazi ngumu kuliko ile inayotukabili sisi. Wao wanawatafuta wazee wachache wanaokumbuka, wakiwa na kinasa sauti mkononi, ilhali sisi tumezungukwa na mashangazi wasionyamaza.

Pendekezo langu kwa walimu wa Kisii na Nyamira ni la kawaida kabisa. Shule nyingi huandaa ziara kila mwaka, na basi huelekea Nairobi au Mombasa. Mwaka mmoja basi hilo lielekezwe Mbita. Gharama itapungua, na safari itachukua siku mbili. Wanafunzi walale Rusinga au Takawiri katika mahema, waamke waone taa za wavuvi wa omena zilivyotapakaa ziwani kama mji ambao haukuwapo jana. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na za nguvu ya jua. Wavushwe hadi Mfangano asubuhi, upepo ukiwa bado haujageuka. Kila mmoja awe na daftari. Watafute mzee, wamsalimu kwa adabu, wamwombe maneno ya mwili, ya chakula, ya maji na ya jamaa. Waandike ayasemayo. Wakirudi, wawapelekee nyanya zao maneno yale yale waone yapi yanafanana. Sihitaji kumfundisha mwalimu wa Kiswahili jinsi ya kutoa insha na zoezi la isimujamii kutokana na daftari la namna hiyo.

Mzazi asiye na nauli ya Mbita anaweza kuanza na daftari hilo nyumbani kwa mamake. Wangu wamekwisha kujaza kurasa kumi na moja tangu turudi, nyingi zikiwa za majina ya majani na ya magonjwa ya ng'ombe ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Juzi binti yangu aliandikiwa na nyanya yake majina manne ya mvua. Anataka kumpelekea yule mzee wa Sena ayasikie, na ameuliza tutarudi lini.